Picha ya Ismailia Niliyoipeleka Guangzhou

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kanisani au sokoni ananiuliza jambo moja: ilikuwaje picha ya mzee ikafika China? Nimechoka kulisimulia nimesimama juani, kila mtu akiondoka na kipande chake na kukiongezea chumvi njiani. Basi naliandika lote hapa, marafiki zangu, mlisome mmekaa. Habari za viza na tiketi naziacha, hazina utamu wala faida.

Kwanza muijue picha yenyewe. Ni mchoro wa karne ya kumi na tisa, wa aina ile ambayo fundi alichonga mistari kwenye bamba, akapaka wino na kukandamiza karatasi juu yake. Unaonyesha Ismailia, mji wa Misri uliojengwa jangwani wakati Mfereji wa Suez unachimbwa. Nyumba ni mpya, barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, miti iliyopandwa haijafika kimo cha mtu. Mbele yake unapita mfereji wenye mashua, ngamia wanakunywa ukingoni, na nyuma ya nyumba ya mwisho ni mchanga mtupu mpaka mbinguni.

Baba mkwe wangu, Mzee Eliakimu, alikuwa mpima, na miaka yake mingi ya kazi iliishia kwenye mfereji wa umwagiliaji katika tambarare kavu chini ya Moshi. Alipoanza kazi ile, mkewe, marehemu Mama Aikaeli, aliipata picha hii kwenye mnada wa vitu vya mlowezi mmoja, akamletea. Imekaa ukutani sebuleni tangu wakati huo.

Mwaka huu Baba alianguka akavunjika nyonga, akalazwa. Hata wiki haijaisha, watoto wake wanne wakaanza kubishana kwenye simu nani atairithi picha. Mume wangu, Onesmo, ni mmoja wao. Mimi huenda Guangzhou kununua mapazia, na huko nimeona mashine zinazonakili picha mpaka huijui ipi ni ya kwanza. Nikasema: nikatengeneze nakala nne, kila mtu apate ya kwake, na ya asili isafishwe ukungu na kuzibwa ilipochanika kwenye kona. Baba akitoka hospitali akute imerudi ukutani, inang'aa. Onesmo akakubali. Hatukumwuliza Baba. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na sina wa kumsukumia.

Siku ya kuitoa kwenye fremu niliona kitu nisichowahi kukiona. Ukingoni, chini kabisa, mahali palipokuwa pakifunikwa na ubao wa fremu, kulikuwa na mstari wa wino wa bluu, mwandiko kama wa mwalimu: "Eliakimu, nawe tujengee wetu." Onesmo aliutazama muda mrefu. "Huo ni mkono wa Mama," akasema. Nikaifunga picha kati ya mbao mbili nyembamba. Kuupiga picha ule mstari kwa simu hakukunijia akilini.

Moshi hadi Addis Ababa

Furushi langu lilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau, nami nililikumbatia kuanzia nyumbani. Kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege walilipitisha mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natoka jasho kama mtu aliyebeba kitu kibaya, na nadhani sura yangu ndiyo iliyowatia shaka kuliko mbao.

Addis tuliambiwa ndege ya Guangzhou itachelewa saa mbili. Zikawa tano, kisha tukaacha kuhesabu. Nililaza furushi kwenye kiti cha pembeni nikaenda hatua nne tu kuchukua maji. Niliporudi, juu yake alikuwa amelala mtoto wa miezi kama minane, mnene, miguu imetawanyika.

"Pardon, mama," mama yake akaniambia, Mkongomani mwenye kitenge cha njano. "Mutoto amechoka sana. Kitanda yako ni muzuri."

"Dada, hicho si kitanda. Ni picha ya mzee wangu."

"Ah! Basi atamulinda mzee."

Ningemwamsha vipi mtoto wa watu? Nilikaa pale nikiikodolea macho nepi yake kama daktari wa zamu. Yule mama akanipa karanga na kipande cha samaki mkavu, nikala bila kujua ninakula nini. Mtoto alipoamka, nilipapasa kitambaa cha juu: kikavu. Mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulikuwa unaogopa mukojo saa zote hizi?"

Addis Ababa hadi Guangzhou

Guangzhou afisa wa forodha alinisimamisha. Alifungua mbao mwenyewe, kwa vidole vya kujihadhari, akainamia picha na tochi ndogo. Nikajua yamenikuta: atasema ni mali ya kale, atainyang'anya. Alimwita mwenzake. Wakashauriana. Akagonga kidole juu ya ngamia, kisha juu ya zile nyumba mpya, akaniuliza kwa uso wa mtu aliyegundua jambo:

"Dubai?"

Nilitaka kusema Misri. Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na alikuwa anatabasamu. Nikaitikia kwa kichwa. Akanionyesha dole gumba, akanifungia furushi vizuri kuliko nilivyolifunga mimi.

Xiaobei

Nilifikia palepale ninapofikia siku zote, Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, karibu na jengo la Tianxiu. Asubuhi nikampigia Saida. Saida ni binti wa Unguja anayesomea famasia huko kwa ufadhili, na siku asizokuwa na masomo hututafsiria wafanyabiashara. Namwita mdogo wangu, naye amenizoea kama dada yake.

Alinipeleka kwenye duka la kunakili picha, Mtaa wa Dengfeng, katikati ya wauza simu na wauza nywele. Mwenyewe ni Bwana Liang, mtu wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alisema nirudi baada ya siku tatu. Nikaenda kwenye mapazia yangu na roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu Moshi.

Siku ya tatu shata, ule mlango wa chuma wa duka, lilikuwa chini. Kulikuwa na karatasi nyekundu iliyobandikwa. Muuza simu wa jirani, Mguinea, alinyoosha mikono: "Laoban, mei you." Bosi hayupo. Saida akasoma ile karatasi.

"Kafunga, dada'angu. Ni siku zao za kusafisha makaburi ya wazee. Kenda kijijini kwao, atarudi baada ya siku tano."

Ndege yangu ilikuwa baada ya siku nne.

Tulimpigia, hakupokea. Nikiwa bado nimeegemea shata, simu yangu ikaita. Onesmo.

"Baba karudi nyumbani."

"Walisema wiki mbili!"

"Amewasumbua mpaka wamemruhusu. Ameingia sebuleni, ameona ukuta mtupu. Nimemwambia picha imepelekwa kwa fundi wa fremu mjini. Anataka kujua fundi gani. Anna, anawajua mafundi wote wa mjini."

Nilikaa chini palepale barabarani, watu wakinikwepa na mikokoteni yao ya mizigo. Nilikuwa nimemwibia mgonjwa. Hilo ndilo neno lililonijia, na halikunitoka tena.

Saa moja baadaye Bwana Liang akajibu kwa maandishi. Saida alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, kwa hiyo nikaiachia simu yangu itafsiri. Ikaandika: "Usiogope. Mji wako umeoga kwa baba yangu."

Niliisoma mara kumi. Saida aliporudi akaichukua simu, akakunja uso. "Yasema baba yake kaiosha picha. Kwa maji."

"Karatasi? Kwa maji?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Katuletea na ramani ya kijiji chao."

"Twende."

"Leo, da Anna? Nchi nzima iko safarini leo."

"Mdogo wangu, twende."

Treni ya kaskazini

Kijiji kilikuwa kaskazini, upande wa Yingde. Guangzhou ina stesheni za treni zaidi ya moja, na majina yake yanafanana kama mapacha. Dereva wa teksi alitushusha kwenye moja, tukakimbia, tukafika getini, dada wa zamu akatazama tiketi na kutikisa kichwa. Stesheni yetu ilikuwa ya kusini, mwisho mwingine wa mji. Saida alijilaumu njia nzima kwamba hakulitamka jina lote. Treni ikatuacha. Iliyofuata ilikuwa na nafasi za kusimama tu.

Tulisimama karibu na choo, katikati ya familia zilizobeba maua, matunda na magunia ya karatasi za kuchoma makaburini. Bibi mmoja aliyekalia kindoo alinitazama usoni muda mrefu, kisha akafungua mfuko na kunipa keki ya kijani, laini, ya unga wa mchele uliopondwa na majani. Nikaiuma. Ladha yake kama nyasi na sukari. Alimpa na Saida, naye akauliza kwanza kama ina mafuta ya nguruwe. Bibi akajibu kwa fahari kuwa yapo tele. Saida akairudisha kwa mikono miwili, akishukuru. Bibi akanipa mimi ya pili.

"Auliza nani wako kafa," Saida akanifasiria.

"Kwa nini?"

"Asema una uso wa mtu anayekwenda msibani."

Yingde tulipata basi, na tuliposhuka basi mzee mmoja mwenye pikipiki ya magurudumu matatu akatubeba nyuma pamoja na mizigo ya miwa. Barabarani fataki zilikuwa zikilipuka vilimani kila upande, na kila mlipuko ulinirusha. Akilini nikaona: mistari ya mchoro inayeyuka, ngamia wanakwenda na maji, wanabaki na karatasi tupu kama unga. Nilijiuliza nitamwambia nini Baba. Nilitunga uongo wa aina tatu kabla hatujafika.

Kijijini

Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akatuonyesha kilimani. Tukapanda, mimi na viatu vya mjini, mpaka tukamkuta Bwana Liang na ndugu zake wamemaliza kufyeka kaburi la ukoo. Alinipokea kwa furaha ya kweli, kana kwamba nilikuwa ndugu aliyechelewa.

"Muulize picha iko wapi," nikamwambia Saida.

"Asema kwanza tule."

Mbele ya kaburi kulikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi nyekundu inang'aa. Walimkata kwa panga, wakaanza kugawa. Shangazi mmoja akamwekea Saida mafungu mawili. Saida akarudi nyuma na mikono nyuma ya mgongo. Mazungumzo yakakatika. Shangazi akatazama kaburi, akamtazama Saida, uso ukaanza kubadilika; nikaona tumewavunjia heshima marehemu wao. Saida akaeleza haraka, akigusa hijabu yake. Bwana Liang akapiga kofi kwenye paji lake, akawaeleza wenzake kwa sauti, na shangazi akaenda mbio kwenye kapu. Alirudi na mayai ya kuchemsha, machungwa na muwa, akaviweka mbele ya Saida vingi kuliko angeweza kula kwa siku mbili. Mimi nikapewa fungu langu la nguruwe na lile la Saida. Nilitafuna. Halikushuka.

Tukateremka. Ndani, chumba cha nyuma, alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye fulana nyeupe. Saida akainama akasema, "Yeye."

"Yeye nani?" nikauliza.

"Babu, dada. Kichina babu ni yeye. Namwamkia."

Maongezi yalikwenda kwa kupokezana: mzee kwa lugha ya kwao, mwanawe kwa Kichina cha shule, Saida kwa Kiswahili. Kumbe mashine ilishindwa kunakili kwa sababu picha ilikuwa imegundishwa kwenye kadibodi iliyokunjamana. Bwana Liang alinitumia ujumbe, akakosea tarakimu moja ya namba yangu. Hakutaka mteja apoteze siku zake bure. Baba yake maisha yake yote alikuwa fundi wa kubandika na kutengeneza michoro ya karatasi, amestaafu, mikono inamwasha kwa kukosa kazi. Kwa hiyo alimletea siku ileile.

Mzee akasimama, akavuta pazia.

Ismailia ilikuwa ukutani, imebandikwa kingo zake kwenye ubao mpana, imekauka, imenyooka. Ukungu wote ulikuwa umekwenda. Kona iliyochanika ilikuwa nzima, sikuona hata palipounganishwa. Kwenye mfereji niliona mawimbi madogo ambayo sikujua yapo, na kwenye mlango wa nyumba moja mwanamke amesimama na kitu kichwani. Miaka yote nilidhani pale ni doa. Nililia. Saida naye akalia. Mzee akacheka kwa meno yake machache.

Kisha macho yangu yakashuka ukingoni.

Karatasi ilikuwa safi, rangi ya maziwa, kutoka kona hadi kona. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Kulikuwa na kivuli chepesi sana cha bluu, kama mshipa chini ya ngozi. Herufi hakuna.

Mzee akaniona ninapotazama. Uso wake ukachangamka, akanyoosha kidole palepale, akasema maneno mengi. Mwanawe akatafsiri. Saida akasikiliza, akasita.

"Asema nini?"

"Asema... hapo palikuwa na doa baya la bluu. Asema ndilo lililomsumbua kuliko yote. Kalishughulikia siku mbili, maji kidogo kidogo, na brashi ya manyoya. Afurahi sana umeliona."

Bwana Liang alitafuta kwenye simu yake kama kuna picha ya kabla. Alikuwa amepiga ile kona iliyochanika tu. Akaniuliza kuna tatizo gani. Wote wakanitazama. Mzee alikuwa bado amenyoosha kidole.

"Nimwambie?" Saida akauliza polepole.

Nilimtazama yule mzee. Ana miaka themanini na mmoja. Hakutaka malipo yoyote.

"Mwambie asante," nikasema. "Mwambie sijawahi kuona kazi kama hii."

Na hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Kurudi

Bwana Liang alirudi mjini nasi kesho yake, akafungua duka kwa ajili yangu peke yangu, akatoa nakala nne. Saida alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alinibebea begi la nakala.

"Utamwambia mkweo?" akaniuliza kwenye foleni.

"Sijui."

"Mie ningekuwa wewe nisingejua pia."

Onesmo nilimweleza kwa simu. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema: "Ule mstari ulikuwa chini ya ubao wa fremu. Tukiirudisha kwenye fremu yake, hatajua. Miaka yote haujaonekana, Anna. Nani atafungua?"

Maneno hayo nilisafiri nayo. Yalikuwa na akili kabisa. Chakula cha ndege kilikuja kikaondoka. Jirani yangu, kijana wa Mombasa aliyekuwa amejaa habari za vipuri vya magari, aliongea saa nzima kabla hajagundua kuwa simsikilizi. Nilikuwa nahesabu: nikimwambia, nitamwumiza mgonjwa kwa jambo ambalo haliwezi kurudi. Nisipomwambia, kila nikiingia sebuleni nitaketi chini ya ukuta ule, nikinywa chai yake.

Moshi

Baba alikuwa kwenye kiti chake, fimbo mbili pembeni. Ukuta ulikuwa na mraba mweupe pale picha ilipokuwa. Onesmo alisimama mlangoni na fremu mkononi, tayari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Fundi wako anakaa mbali."

Nilifungua mbao mapajani mwake. Alivaa miwani, akainama. Niliona kidole chake kikifuata mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayekagua kazi. "Kumbe kuna mwanamke mlangoni," akasema.

Onesmo akasogea na fremu. "Tuirudishe, Baba, isije ikapata vumbi."

"Ngoja," nikasema. Nikaizuia fremu kwa mkono. "Baba, maandishi ya Mama yamefutika."

Nikaeleza yote, nimepiga magoti, bila kumtazama. Nilipomaliza, aliivuta picha karibu. Alipitisha dole gumba ukingoni, taratibu, mahali penyewe hasa.

"Eliakimu, nawe tujengee wetu," akasema. "Nilipoweka ile fremu niliufunika makusudi. Nilikuwa naona haya, mafundi wenzangu wasome. Halafu mfereji ukakamilika, nikasema nitaibadilisha fremu. Sikubadilisha."

Akavua miwani, akafuta macho waziwazi mbele yetu.

"Huyo mzee wa China, mlimwambia?"

"Hapana, Baba. Nilishindwa."

"Umefanya vizuri. Hakuwa na kosa." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti ikabadilika. "Lakini mimi si mzee wa China. Mimi ni baba yako. Nyonga ndiyo iliyovunjika, masikio yangu mazima. Hata hospitalini nilisikia mnavyogawana ukuta wangu. Mngeniuliza, ningewajibu. Mimi bado nipo."

Onesmo akaiweka fremu chini. Aliketi sakafuni karibu nami.

Baba hakuzungumza na yeyote kati yetu siku tisa. Namshikia maji, ananipokea kwa kichwa. Siku ya kumi aliwaita watoto wote wanne, akampa kila mmoja nakala yake, akasema ya asili haendi nayo mtu. Akaagiza gari.

Tulimpeleka tambarareni, picha ikiwa imerudi kwenye fremu yake, kwenye ofisi ndogo ya wakulima wanaotumia ule mfereji wake. Alichagua ukuta mwenyewe, mbali na dirisha ili jua lisiifikie, akasimama kwa fimbo zake mpaka msumari ulipoingia sawasawa. Wakulima wakajazana, na matope miguuni, wakinyooshea vidole ngamia na mashua. Katibu wao, mama mmoja mwenye kofia ya jua, akasogeza uso karibu na kioo.

"Mzee, picha ya zamani hivi, imekuwaje safi namna hii? Nani kaisafisha?"

Nikainamisha kichwa. Baba alinitazama, kisha akaitazama picha.

"Fundi mmoja wa China," akasema. "Mzee kama mimi. Mikono yake haina mfano."